Nazi Moja kwa Vikombe Vinne

Sitini na moja kwa thelathini na tisa. Daktari Nandonde alizisoma namba hizo huku akitazama kidole gumba chake mwenyewe, maana mwenye thelathini na tisa alikuwa mwalimu wake. Chumba cha majibu cha Nyumba ya Mng'ao kilikuwa na viti vitatu tu. Kimoja alikikalia yeye, cha pili Bi Somoe, mke mkubwa wa Mfaume, na cha tatu Raya, mke mdogo wa Mfaume huyo huyo. Mfaume mwenyewe alikuwa chumba cha pili, amelala, mwezi wa saba sasa tangu ateleze kwenye mnara wa umeme wa upepo kule juu ya mji wa Lindi na kichwa chake kikatangulia kufika chini.

"Sitini na moja ni ya nani?" Somoe aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Ya Bi Raya."

Raya hakutabasamu. Somoe alimtazama kwa pembe ya jicho akilitafuta hilo tabasamu, apate pa kuushikia wivu wake, akalikosa, na kulikosa kukamuudhi zaidi. Mtu akikushinda basi acheke, ujue moja. Huyu alikuwa ameinamisha kichwa kama mwali, mikono mapajani, na kucha zake zilikuwa na hina ya juzi. Mume yuko kitandani hajitambui, mke anapaka hina. Somoe alilichukua hilo akaliweka pamoja na mengine aliyokuwa akiyaweka kwa miaka mitano.

Mtu yeyote wa pwani ile aliijua maana ya namba zile. Mgonjwa asiyeweza kusema hutafutiwa msemaji, na msemaji hachaguliwi kwa ukubwa wala kwa undugu. Mgonjwa hudungwa dawa ambayo huzifanya seli za ubongo zing'ae kijani pindi zinapokumbuka, akafunguliwa kwenye fuvu dirisha la kioo lenye ukubwa wa ukucha, kisha hadubini ikamulika ndani kwa mwanga wa buluu na kuhesabu kijani kinachorudi. Kila mdai hupewa robo saa ya kuzungumza na mgonjwa, mlango umefungwa. Hata daktari hasikii kinachosemwa. Hadubini ina macho, haina masikio. Sauti iliyoamsha mwanga mwingi ndiyo sauti ya msemaji, na neno lake ndilo neno la mgonjwa.

"Umepima kwa jedwali," Somoe alisema.

"Kwa jedwali, Bi Somoe. Kipimo cha kwanza ndivyo kilivyo."

"Jedwali la ubongo wa vijana. Mfaume ana miaka hamsini na minane." Alijinyoosha kitini. "Nadai haki yangu. Apimwe kwa tui."

Raya aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Tui? Hili la nazi?"

 Miaka kumi na tisa Somoe alikuwa akifanya kazi ya tui katika nyumba ile, na leo anaulizwa swali hilo na mtu asiyejua kuchuja.

*

Sheria ilitaka wadai wote wawili waelewe kinachofanyika, na aliyejua kueleza kuliko wote alikuwa Somoe mwenyewe. Kwa hiyo Nandonde alimwomba, naye akakubali haraka kuliko ilivyompasa. Alitamani Raya amwone akiwa kazini.

Alichukua bilauri ya maji, akatumbukiza ndani yake uzi wenye punje ndogo ya kioo. Akazima taa na kuimulika bilauri kwa kurunzi ya buluu. Kule chini punje ikawaka kijani, wazi, kila mtu angeweza kuinyooshea kidole.

"Unaiona?"

"Naiona, Bi Mkubwa."

Somoe akamimina tui. Bilauri ikawa nyeupe. Kijani hakikuzimika, lakini sasa kilikuwa ukungu tu uliotapakaa bilauri nzima, hafifu, na ukimuuliza mtu punje iko wapi angeonyesha ubavuni.

"Haya, iko wapi?"

Raya alionyesha ubavuni. Somoe akavuta uzi, punje ikatokea upande wa pili kabisa.

"Ubongo una mafuta kama tui," alisema. "Mwanga ukitoka kwenye seli, kila tone la mafuta linausukuma huku, jingine linausukuma kule. Uliotoka juu unafika salama. Uliotoka chini unatawanyika njiani, na huo mchache unaofika umepotoka, hadubini haijui umetoka wapi. Ndiyo maana tunachukua tui lenye uzito sawa na ubongo wa mgonjwa, tunazamisha punje ambazo tunaujua mwanga wake, tunaiuliza hadubini, je, umepotea kiasi gani kwa kila kina? Ikishajua, inakirudishia kila kina kilichopotea."

"Na jedwali?"

"Jedwali ni la vijana. Ubongo wao ni tui jepesi sana, haupotezi mwingi. Kwa hiyo jedwali hurudisha kidogo." Alifuta vidole vyake polepole. "Kumbukumbu mpya hukaa juu. Za kale huzama. Mimi nina miaka ishirini na sita ndani ya yule mtu, Raya. Wewe una mitano. Wewe uko juu, unaonekana."

Kipya kinyemi ingawa kidonda, aliongeza moyoni, na lilimtoka usoni kama vile amelisema.

"Kwa hiyo mimi ni povu," Raya alisema.

"Sikusema hivyo."

Hakusema, lakini pia hakulikanusha. Nandonde alikohoa na kuwasha taa. Akawakumbusha, kama alivyotakiwa, ni kitu gani msemaji angekuja kukichagua kabla mwezi haujaisha. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kupandikiza. Tabaka la juu la ubongo lililopondeka lingeondolewa na kuoteshwa seli mpya, na wagonjwa tisa katika kumi huamka. Ila lile tabaka huondoka na vilivyomo, na kwa Mfaume hiyo ilikuwa miaka mitano ya mwisho, au karibu na hapo. Ya pili ilikuwa dripu ya taratibu, miaka miwili, na huamka mmoja katika wawili. Huyo akiamka, huamka na kila kitu chake.

Miaka mitano ya mwisho. Wote watatu waliinamia bilauri, maana ndani ya miaka hiyo lilikuwamo jina la Raya.

"Na mtu akichafua kipimo," Nandonde alimalizia, akisoma, "hatakuwa msemaji, wala hataingia chumba cha mgonjwa mpaka mgonjwa aamke."

"Naijua," Somoe alisema. "Aliyekufundisha kuisoma ni mimi."

*

Sheria ilimkataza mdai kugusa hadubini, dirisha la fuvu, kompyuta na faili. Haikusema kitu juu ya nazi. Walioiandika walikuwa watu wa mjini, wanaonunua tui kwenye pakiti.

Nandonde alikuwa amependekeza, kwa aibu, atafutwe mtu mwingine wa kukamua. Lakini nani? Tui la kupimia lina mkono wake. Unaanza kwa kumulika dirisha la fuvu kwa uzi wa mwanga mwekundu, unatazama doa linatanuka kiasi gani, na kutoka hapo unapata kipimo cha mgonjwa. Kijana ni nazi moja kwa vikombe saba vya maji. Mfaume, Nandonde alimpima mwenyewe, alikuwa nazi moja kwa vikombe vinne. Ukikamua kwa pupa, matone ya mafuta yanakuwa makubwa. Ukichuja mara moja tu, machicha yanapita. Wengine walijaribu na hadubini ikawakataa. Basi ikaamuliwa kwamba Bi Somoe akamue nyumbani kwake kama siku zote, maana Bi Somoe hajawahi kukosea.

Asubuhi ile alikaa kwenye mbuzi yake, ile kuukuu yenye mguu uliopasuka, akakuna nazi. Mfaume aliahidi kuutengeneza mguu ule. Kila Ijumaa, miaka ishirini, yeye ndiye aliyemkunia, anakuna huku anapiga mluzi usiokuwa na wimbo. Halafu mwaka ule wa Raya akaleta gogo la mninga, akalichonga siku tatu uani, na Somoe akajua kwamba mbuzi yake imepata mrithi. Siku ya nne gogo halikuwapo. Lilikuwa kwa Raya, limekwisha kuwa mbuzi mpya, na mguu wa ile ya zamani ukabaki na ufa wake. Somoe hakuwahi kuiona mbuzi ile. Alisimuliwa tu na jirani kwamba ni nzuri, na tangu siku hiyo hakumsalimu jirani kwa furaha.

Mwanamume aliruhusiwa kuoa, na Somoe hakuwa mtu wa kulipigia hilo kelele. Hilo la mninga ndilo lililomkaa kooni.

Akatia chicha kwenye kifumbu. Akakamua la kwanza, bila maji. Tui likatoka zito, linashuka polepole kwenye bakuli, la kutilia mchuzi mwisho kabisa unapoepuliwa. Hapo ndipo alipaswa kuleta maji, vikombe vinne, kukamua tena na tena na kuchanganya. Vikombe vilikuwa tayari vimepangwa kando ya mguu wake.

Alivitazama. Kichwa chake kilizoea hesabu zile, hakikuhitaji karatasi. Hadubini ikitumbukizwa punje kwenye tui zito, itaona mwanga unapotea sana. Itadhani ubongo wa Mfaume nao unapoteza hivyo hivyo. Basi itakuwa karimu kwa kina. Kila kijani kinachotoka chini kitazidishwa mara kumi, mara kumi na tano. Kilichoko juu kitabaki kilivyo. Na chini kuna nani? Jungu kuu halikosi ukoko.

Tena sitakuwa ninadanganya, alijiambia. Mimi nimo mule. Nimo zaidi yake, na jedwali lao limenidhulumu. Nauongezea mwanga uliokuwepo.

Kwa tui la haki labda angeshinda. Labda. Neno hilo hakulipenda. Alimwona Raya ameinamisha kichwa, na zile kucha, na roho ikamuuma. Akayamwaga maji ya vikombe vyote vinne kwenye shina la mpapai, kimoja kimoja, akafunika bakuli kwa sahani na kuondoka nalo.

*

Punje zilizamishwa, hadubini ikasoma, kazi ikaisha kabla ya adhuhuri. Mahesabu yangekuwa tayari kesho yake.

Sasa, Nyumba ya Mng'ao ilikuwa na desturi yake. Tui halilali. Likikaa hadi jioni linachacha, na kumwaga chakula pale lilikuwa jambo la aibu, kwa hiyo tui la kupimia likishafanya kazi yake hupelekwa jikoni na wafanyakazi wote hula wali wa nazi. Siku ya mgonjwa kijana walikula wali mwepesi na kunung'unika. Siku ya mgonjwa mzee walishukuru Mungu. Ndivyo ushahidi wote ulivyokuwa ukiishia matumboni mwa watu, miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kuliona hilo kuwa tatizo.

Nandonde alikula tonge la tatu, akaacha kutafuna.

"Wali wa leo umekolea, Bi Somoe."

"Umekolea?"

"Sana. Kwa mgonjwa wa vikombe vinne sijawahi kuula hivi."

Somoe alikuwa hajagusa sahani yake. "Nazi za mwaka huu zina mafuta," alisema. "Kula, mwanangu. Unapenda kukosoa hata chakula."

Nandonde akacheka, akala. Alimwamini, na imani hiyo ndiyo iliyomkaba Somoe kuliko wali ule, ambao hatimaye alilazimika kuumeza asije akaulizwa mbona hali.

*

"Themanini na tatu kwa kumi na saba," Nandonde alisoma keshoye.

Somoe alifumba macho. Furaha ilimpanda ikawa kali karibu na uchungu. Alijizuia asimtazame mke mwenzake, akashindwa, akamtazama.

"Themanini na tatu ni ya Bi Raya," Nandonde akaendelea. "Kumi na saba, Bi Somoe."

 Somoe alikuwa akipanda na kushuka katika hesabu zake akitafuta ufa ulipo. Amezidisha kina. Kina ni chake. Vipi kina chake kimempa Raya?

"Msemaji ni wewe, Bi Raya," Nandonde alisema. "Na kabla hujachagua njia, sheria inanitaka nikuonyeshe matabaka." Akawasha ukuta. Likatokea wingu la kijani, chini limewaka sana, juu limefifia mpaka likawa jeusi. "Hili la chini ni miaka ya zamani. Limebeba tisini na sita kwa mia ya mwanga wote wa Mfaume katika robo saa zote mbili. Hili la juu ni miaka mitano ya mwisho. Limebeba nne."

"Nne," Raya alisema.

"Nne. Kusema kweli limenishangaza, lakini tui ni la Bi Somoe, na tui la Bi Somoe halijakosea hata siku moja."

"Lakini umesema themanini na tatu ni yangu."

"Robo saa yako ndiyo iliyomwasha zaidi. Ila kilichowaka ni kile cha chini." Nandonde alisita. "Huna lazima ya kuniambia. Ulizungumza naye nini?"

Raya alizitazama kucha zake. "Nilianza na habari zetu. Safari ya Mchinga kwa mama, siku tuliyonyeshewa. Nikawa nimepaka na hii hina, maana aliipenda harufu yake, nikasema labda ataisikia. Hakutikisika. Basi katika kuhangaika nikamwambia, Bi Mkubwa jana kapika mchuzi wa kunde, kaniletea bakuli hapa, kanuna kama kawaida yake. Kope ikatikisika. Nikaiona kwa macho yangu." Aliisugua hina kwa kidole gumba. "Nikaendelea. Bi Mkubwa hajambo, Bi Mkubwa mguu wa mbuzi yake bado haujatengenezwa na anakungoja wewe. Robo saa nzima nilimpa habari za Bi Mkubwa. Roho iliniuma, sitasema haikuniuma. Lakini mimi nilitaka atikisike tu, hata kama si kwangu."

 Nandonde alimgeukia Somoe na kusema kwa upole, kama anayemtaka radhi, kwamba katika robo saa yake yeye kile kidogo kilichowaka, kabla tui halijakizidisha, kilikuwa karibu chote cha juu.

Somoe aliijua sababu, hakuhitaji kuelezwa. Mlango ulipofungwa alimwinamia mumewe sikioni na kumwuliza, Raya alikupa nini? Raya ana nini ambacho mimi sina? Mninga ule, Mfaume, mimi sikustahili mninga? Akalitaja jina la Raya mpaka koo likakauka. Robo saa yake nzima alimwita Raya, kwa sauti yake mwenyewe, na Raya akaitika.

"Apandikizwe," Raya alisema.

Nandonde alichukua kalamu. "Akiamka hatakujua. Nalazimika kukuuliza mara mbili."

"Hata sasa hanijui, Daktari. Nne kwa mia. Asiyekuwapo na lake halipo. Akiamka tisa katika kumi, Bi Mkubwa atakuwa naye, na mimi nitarudi kwetu Mchinga. Andika tu."

Basi yakawa mbele ya Somoe yote aliyoyataka, na zaidi. Mume ataamka. Ataamka na jina moja tu mdomoni. Mke mwenza ataondoka kwa miguu yake mwenyewe, hana hata wa kumlaumu. Kilichotakiwa kwake kilikuwa kunyamaza kwa muda wa kuandika sentensi moja. Tui lilikwisha kuliwa, sahani zilikwisha kuoshwa.

Na wivu, ambao ulikuwa umemkalia miaka mitano, ulimwambia nyamaza. Ulimwambia hata kwa hoja. Tisa katika kumi ni bora kuliko mmoja katika wawili, ni kwa faida ya mgonjwa. Somoe aliisikiliza hoja ile na kuiona haina kosa. Ila Raya hakuwa ameichagua kwa ajili ya hoja ile. Aliichagua kwa ajili ya namba nne, na namba nne haikutoka kwa Mfaume. Ilitoka kwenye bakuli la Somoe. Kwa tui la vikombe vinne tabaka la juu lingebeba arobaini na kitu, alikwisha kulipiga hilo kichwani wakati Nandonde bado anasoma. Arobaini na kitu, pamoja na mninga na mvua ya Mchinga na harufu ya hina. Angependa sana isiwe kweli.

Wiki nzima alikuwa ameishi na thelathini na tisa. Alijua inavyolala na mtu, inavyomwamsha, inavyomfanya ajitazame kwenye kioo na kujiuliza kama aliwahi kuwepo. Na ile ilikuwa namba ya mashine. Hii ya Raya kaikamua yeye.

"Nandonde, mwanangu," alisema. "Usiandike."

Kalamu ikasimama.

"Wali ulikolea kwa sababu lilikuwa tui la kwanza. Sikutia maji. Hata kikombe kimoja."

Nandonde alimtazama mwalimu wake, na usoni mwake ulionekana wali ule ukimrudia, na swali lake, na jibu alilopewa. "Bi Somoe," alisema. "Unaijua sheria."

"Naijua." Aliivua bangili ya kufungulia mlango wa chumba cha Mfaume, ikagoma kwenye kifundo, akaisukuma mpaka ikatoka. Akaiweka mezani. Kwa miezi saba alikuwa akiingia chumba kile kila siku, na sasa angeuona mlango wake tu, mwaka, miwili, au moja kwa moja ikiwa Mfaume hataamka. 

"Kwa hiyo si nne," Raya alisema.

"Si nne."

"Ni ngapi, Bi Mkubwa?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kusema nimeiba ni neno moja, limetoka, limekwisha. Hili lingine lilimtaka ampe mke mwenzake kwa mkono wake mwenyewe kile ambacho miaka mitano alimwomba Mungu kisiwepo.

"Wewe umo, Raya. Umo sana." Alisimama. "Kipimo kitarudiwa kesho, uchague kwa namba ya kweli. Hadubini haitaki tui langu tena, na hapa hakuna mwingine anayejua. Utakamua wewe."

"Mimi sijui."

"Nitasimama mlangoni nikuelekeze. Hilo halijakatazwa."

*

Asubuhi iliyofuata Somoe alisimama kwenye mlango wa ua wa Raya, mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Nandonde alikaa kwenye kigoda pembeni na daftari lake, shahidi, kwa sababu kuanzia siku hiyo tui lingekuwa na shahidi. Raya alileta nazi, kifumbu, bakuli na vikombe. Mwisho akaleta mbuzi.

Ilikuwa ya mninga, nyekundu, miguu imara, na kwenye kichwa chake Mfaume alikuwa amechonga ua dogo ambalo hakuna aliyemwomba alichonge. Ilikuwa nzuri kuliko alivyosimuliwa. Somoe aliitazama na wivu ukampanda upya, ule ule, haujapungua hata chembe, akahisi machozi yanakuja na akayazuia kwa kukunja uso.

Raya aliketi, akakuna. Akakamua la kwanza, zito. Akamimina kikombe cha kwanza cha maji, akakamua. Cha pili. Cha tatu. Akakishika cha nne na kusita, maana kilikuwa na maji nusu tu, akamwangalia aliye mlangoni.

"Kinatosha hivi, Bi Mkubwa?"

Kama kingepungua, Raya naye angepungua. Nandonde alikuwa anaandika, hakuwa anatazama.

"Hakitoshi," Somoe alisema. "Kijaze mpaka juu."